Kabla ya tovuti, pima boksi: jibu kwa muuza vyondo anayetaka wateja wa ng'ambo

Swali: "Mimi ni mkazi wa Umoja, Nairobi. Nauza vyondo ninavyonunua kwa vikundi vya akina mama Machakos na Kitui, na ndala za ngozi zenye shanga kutoka Kariokor. Biashara yangu iko Instagram na WhatsApp. Watu wa Marekani, Uingereza na Ujerumani huniuliza bei kila wiki, lakini nikitaja gharama ya kutuma wengi hunyamaza. Kuna fundi anayetaka shilingi 60,000 anijengee duka la mtandaoni la kuuzia dunia nzima. Nimpe? Na pesa za wageni nitazipokeaje?"

Dada yangu, hizo elfu sitini zishike kwanza. Duka utalihitaji, na huenda fundi wako ni mzuri, lakini swali lako lenyewe limeshataja panapouma: wateja hawakosi mahali pa kubonyeza, wananyamaza wakisikia gharama ya kutuma. Tovuti itawaleta wengi zaidi, nao watanyamaza pale pale. Anachonunua mtu wa ng'ambo ni bei moja iliyokamilika: kiondo kimefika mlangoni pake, ushuru umelipwa, na hakuna mtu wa kumdai senti nyingine. Ukishaijua bei hiyo kwa kila bidhaa na kwa kila nchi, duka ni kazi ya wiki moja. Kwa hiyo tuanze na boksi.

Kampuni za vifurushi vya ndege, kina DHL, FedEx na Aramex, hazitozi uzito wa mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Hizo huitwa kilo za ujazo, na zikizidi kilo za mizani ndizo utakazolipia. Kiondo cha kawaida cha mkonge kina uzito wa gramu 700 hivi. Kitie kwenye katoni ya sentimita 40 kwa 40 kwa 35 ili kisipondeke, kama wengi wanavyofanya. Ujazo ni 56,000. Gawanya kwa 5,000, unapata kilo 11.2. Bidhaa isiyofika kilo moja imelipiwa kama kilo kumi na moja na zaidi. Hapo ndipo wateja wako wanapopotelea.

Sasa chukua kiondo hicho hicho, kile laini kisicho na ukingo mgumu wa ngozi. Lazia mikanda ndani, kandamiza kitako kiingie juu, kunja ubavu hadi kilale bapa, kifunge kwa karatasi laini kisha kwa mfuko wa plastiki mgumu wa kusafirishia. Utapata kama sentimita 45 kwa 40 kwa 6, yaani kilo 2.16, na kampuni nyingi hupandisha hadi nusu kilo inayofuata, kwa hiyo 2.5. Viwili vikilaliana kwa unene wa sentimita 10 ni kilo 3.6, utatozwa 4. Ndani weka kadi ndogo yenye picha: nyunyizia maji kidogo, jaza mataulo, acha usiku kucha. Mkonge ukilowa unalegea, ukikauka unashika umbo ulilopewa. Mteja akipokea kiondo bapa bila maelezo atadhani kimeharibika. Akipewa maelezo anafurahia kukiinua mwenyewe, na mara nyingi ndiyo picha atakayowatumia rafiki zake.

Vyondo vigumu vya ngozi usivitume kimoja kimoja. Viuze kwa seti, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa, ili nafasi moja ibebe bidhaa tatu. Ndala hazina shida hiyo, ni bapa na nzito kiasi, ila chora jedwali la vipimo vya wayo kwa sentimita pamoja na namba za Ulaya, Uingereza na Marekani, kwa sababu hazifanani. Ndala isiyomtosha mtu wa Texas hutaifuata.

Ukishapima, tembelea kampuni mbili au tatu uombe akaunti ya biashara. Bei ya akaunti huwa chini sana ya ile anayopewa mtu aliyesimama kaunta. Pita pia GPO, posta kuu pale Kenyatta Avenue, uulize EMS, huduma yao ya vifurushi vya haraka, kwa kuwa kwa baadhi ya nchi posta ni nafuu, ingawa ufuatiliaji wake si wa karibu sana.

Hesabu yenyewe hii hapa. Tarakimu ni za mfano, weka zako. Kiondo umekinunua 1,800, kukifunga 200, kusafirisha kilo 2.5 ni 5,000, ushuru na ada ya forodha 900. Jumla shilingi 7,900. Vikienda viwili: vyondo 3,600, kufunga 250, kusafirisha kilo 4 ni 6,500, ushuru na ada 1,700. Jumla 12,050, yaani 6,025 kwa kimoja. Umepunguza 1,875 kwa kila kiondo bila kumpunja mama aliyesuka. Kwa hiyo weka kwenye duka bei ya kimoja na bei ya viwili, zote zikiwa na usafiri ndani yake, na ile ya viwili uiweke mbele. Juu ya gharama ongeza makato ya malipo, ongeza kitu kwa ajili ya vifurushi vitakavyopotea, halafu faida yako. Ukiona bei inayotoka inakutisha, angalia bidhaa kabla hujaanza kukata faida. Pengine kiondo cha 1,800 si cha kusafiri, na kile cha 4,500 chenye mkonge mwembamba na rangi za mimea ndicho kinachobeba gharama za ndege.

Bei iwe kwa dola, lakini usiikokotoe kwa kiwango cha leo ukaisahau. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu na 130. Aliyeuza kwa dola 50 akihesabu shilingi 8,000 alijikuta na 6,450 kwa kiwango cha 129, na kina mama Kitui hawakushusha bei kwa sababu hiyo. Hesabu ukitumia kiwango kilicho chini kidogo ya cha siku hiyo, na uipitie upya kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu "dunia nzima", hapo sikubaliani na fundi wako hata kidogo. Kila nchi ina mlango wake. Hizo tatu ulizozitaja zenyewe hazifanani.

Marekani zamani ilikuwa rahisi: kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote kuanzia 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha vifurushi vya kwenda huko kwa muda. Sasa kila kifurushi kinafanyiwa hesabu ya forodha. Hata hivyo kwa mfanyabiashara mdogo bado ndiyo nchi ninayokushauri uanze nayo, kwa sababu huhitaji kujisajili kokote huko ili uuze kiondo kimoja. Unachohitaji ni kampuni ya vifurushi inayotoa huduma ya DDP, yaani wewe mtumaji unalipa ushuru wote na mteja hadaiwi kitu. Viwango vimekuwa vikibadilika, kwa hiyo uliza cha siku unayotuma, usitegemee alichotozwa mwenzako mwaka jana.

Uingereza ina mkataba wa biashara na Kenya tangu 2021, na bidhaa zenye asili ya Kenya huingia bila ushuru wa forodha. Wengi husikia hivyo wakadhani hakuna kingine. VAT ya asilimia 20 iko pale pale. Na tangu 1 Januari 2021, ukimuuzia mnunuzi wa kawaida kifurushi cha thamani isiyozidi pauni 135 kupitia tovuti yako mwenyewe, wewe uliye Nairobi ndiye unayetakiwa kujisajili kwa VAT ya Uingereza na kuikusanya wakati wa mauzo. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko ndilo hubeba jukumu hilo. Kikizidi pauni 135, VAT hulipwa mpakani na DDP inaimaliza. Kwa hiyo mpaka mauzo yakue, Uingereza iuzie seti tu: vyondo vitatu vya kuingiana pamoja na ndala jozi mbili, thamani iliyopita hizo pauni 135.

Ujerumani ndiko penye kazi. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hauachi kifurushi chochote bila VAT, hata cha euro tano, na Ujerumani ni asilimia 19. Tangu 13 Desemba 2024, kanuni ya usalama wa bidhaa inataka bidhaa unayomuuzia mtumiaji wa kule iwe na mtu au kampuni yenye makao ndani ya Umoja huo inayowajibika kwayo, jina na anwani yake vikiwa kwenye bidhaa au kifurushi. Juu ya hayo, Ujerumani hukutaka ujiandikishe kwenye rejista ya vifungashio iitwayo LUCID kabla ya kutuma boksi la kwanza. Na mnunuzi ana siku 14 za kurudisha kitu alichoagiza mtandaoni bila kueleza sababu. Usiwauzie Wajerumani kimoja kimoja kwa sasa. Tafuta mwenye duka dogo Hamburg au Leipzig, muuzie vyondo 20 kwa bei ya jumla. Yeye atakuwa mwagizaji, na mizigo hiyo ya sheria itakuwa yake. Tena mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi 1 Julai 2024 unamwondolea ushuru wa forodha, mradi umpe hati ya kuonyesha bidhaa ni ya Kenya. Naona watu wengi wakidharau oda za namna hii kwa kuwa bei ya kipande ni ndogo, kumbe oda moja ya vipande 20 ina amani kuliko ishirini za kipande kimoja.

Kwenye ankara ya forodha andika kitu kilivyo. Kikapu cha kusukwa huenda chini ya namba ya forodha 4602, na mkoba wa ngozi au kitambaa chini ya 4202. Ushuru wake unaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kaa chini na mtu wa kampuni ya vifurushi mkubaliane kiondo chako ni kipi kabla ya kutuma, na mtumie namba hiyo kila mara. Usiandike "zawadi". Usiandike dola 10 kwa kitu ulichouza 80, hata mteja akikubembeleza. Huo ni uongo kwa forodha, na kifurushi kikipotea fidia yako itakuwa hizo dola 10.

Angalia pia kilichoshonewa juu. Kauri, yaani simbi za baharini, kwenye kiondo au ndala, mbele ya sheria za Marekani, ni mali ya wanyamapori na hudai tamko lake. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, ingawa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja zimeachwa nje ya masharti. Vinyago na vitu vya mimea isiyosindikwa, waulize KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kama nchi inayopokea inataka cheti. Kwa kuanza, peleka bidhaa zisizo na kauri, mifupa wala mbao. Utalala usingizi.

Sasa pesa. Wamarekani na Waingereza watataka kulipa kwa kadi au PayPal. PayPal inapokea pesa Kenya, na unaweza kuzitoa kwenda M-Pesa kupitia huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwaka 2018, au kwenda akaunti ya benki ya Equity. Tazama mahali pawili: makato ya kupokea, na kiwango cha kubadilisha dola, ambacho kwa kawaida huwa chini ya kile cha benki. Hapo pa pili ndipo pesa nyingi huvuja bila mtu kujua. M-Pesa pia ina ukomo wa shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, hivyo oda ya jumla ipitie benki, kwenye akaunti ya dola au euro, nusu kabla kazi haijaanza na nusu kabla mzigo haujatoka. Kwa kadi kwenye tovuti yako, kampuni kama Pesapal na DPO humfungulia akaunti mfanyabiashara wa Kenya na kupokea Visa na Mastercard.

Utaambiwa utumie akaunti ya binamu aliye Atlanta, au usajili kampuni Marekani ili upate mifumo ya malipo isiyofunguliwa kwa Kenya. La binamu nakukataza. Jina la akaunti lisipolingana na jina la duka na anwani ya mtumaji, siku moja pesa zitazuiwa, na kuzitoa itabidi binamu aeleze biashara asiyoijua. Kusajili kampuni huko ni halali, lakini kunakuja na marejesho ya kodi ya kila mwaka. Ngoja kwanza uone kama mauzo yanadai hivyo.

Mteja wa PayPal ana siku 180 za kulalamika. Kinga yako ni mambo mawili: umetuma kwa anwani ile ile iliyo kwenye malipo, na una uthibitisho wa kupokewa. Oda ya dola 750 au zaidi inataka saini ya mpokeaji. Mtu akilipa halafu akaandika kwamba umtumie rafiki yake aliye nchi nyingine, mrudishie pesa umwambie aagize upya kwa anwani sahihi. Mteja wa kweli atakubali. Piga picha ya kila kiondo kabla ya kukifunga, ukingo, kitako na mikanda, na uziweke pamoja na namba ya ufuatiliaji.

Duka lenyewe halina mengi. Ukiwa na fundi wa karibu, WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya tovuti ya WordPress, ni nafuu na mifumo ya malipo ya hapa inaunganika nayo. Ukiwa peke yako, Shopify, huduma ya duka la kukodi kwa mwezi, ni rahisi kuendesha, ila mfumo wake wa malipo haupo Kenya, na hutoza ada ya ziada kwa kila mauzo unapotumia wa mwingine. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, kiandikishwe kwa jina lako wewe, si la fundi, na nywila zote ziwe kwako. Hili lifanye sharti kabla ya kulipa hata shilingi. Picha zichukuliwe kwenye mwanga wa asubuhi, moja ikimwonyesha mtu amebeba kiondo ili ukubwa uonekane, vipimo kwa sentimita na inchi. Ukiwapiga picha akina mama wanaosuka, waombe ruhusa, waeleze picha itaonekana wapi, na kama ni sura zao zinazokuuzia, walipe. Wana haki hiyo.

Upande wa Kenya: jina la biashara kupitia eCitizen, PIN ya KRA, ankara za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), kibali cha kaunti. Utakusanya majina na anwani za watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Kujisajili kwa Kamishna wa Data kumesamehewa wenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, lakini wajibu wa kuzitunza hizo taarifa haujasamehewa mtu.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa tovuti hawezi kukuambia. Wageni hununua zaidi Novemba, wakitafuta zawadi za Krismasi. Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kupanda kwa nguvu, na wasusi wako watakuwa shambani. Oda ikija wakati huo hutapata kiondo, au utapata kilichosukwa kwa haraka. Agiza Juni na Julai, lipa amana, pokea Septemba, na duka lionyeshe tu vile vilivyo mkononi mwako.

Na kabla hujawafungulia watu wa nchi yoyote sehemu ya kulipia, tuma kifurushi kimoja cha kweli kwa mtu unayemjua kule, kwa DDP, na ankara kamili. Mwombe akupigie picha boksi lilivyofika, kabla hajalifungua na baada ya kulifungua, akuambie lilichukua siku ngapi na kama kuna aliyemdai chochote. Akiwa amedaiwa, rudi kwa kampuni ya vifurushi ukiwa na risiti yake, uwaulize ni ada gani hiyo na kwa nini haikuwa kwenye bei waliyokupa.